Waya Begani kwa Machibya

Majirani zangu, na hasa ninyi akina mama mnaofua ovaroli za watu wa karakana, habari hii inawahusu. Haikutokea mbali. Imetokea hapahapa Ilemela, katika nyumba ambayo wengi wenu mmewahi kupita mkanunua maziwa.

Nyumba ya Kashindye imekaa juu ya miamba. Ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote. Kashindye ni mjane, na mwanawe ni mmoja tu, Machibya. Asubuhi tunayoanzia ilikuwa tulivu. Sufuria ya maziwa ilikuwa jikoni inaanza kupanda povu. Mkwewe, Modesta, mke wa Machibya, alikuwa ndani anakanyaga cherehani, anamalizia sare za shule za watoto wa watu. Kuku wawili walikuwa wanagombania ganda la muhogo. Na Kashindye mwenyewe alikuwa kwenye kigoda, anashona ngata.

Mnaijua ngata, ile ya kuweka kichwani ukibeba ndoo. Hii aliifanya kubwa, bapa. Ndani alijaza pamba aliyoletewa kutoka Misungwi, nje akaizungushia kipande cha kanga ya manjano, kisha akatia mishono midogo midogo kama ya blanketi la mtoto. Haikuwa ya kichwa. Ilikuwa ya bega la Machibya.

"Ijaribu, baba," alimwambia.

"Mama, wenzangu watanicheka."

"Wakucheke! Bega limechubuka kama la punda."

Machibya akaiweka begani, akacheka, akanywa kikombe chake cha maziwa akiwa amesimama, akateremka kazini. Kashindye alimtazama mpaka rangi ile ya manjano ikapotea kwenye miamba. Alijisikia amefanya jambo jema. Hapo ndipo pa kusikitisha, majirani, kwa sababu alilifanya kwa upendo.

Machibya alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana ya Bosi Nathaniel, ufukweni. Walitengeneza fremu za chuma za vizimba, vile vya kufugia samaki ziwani. Mashine yao ya kuchomelea ilikuwa kubwa kama kabati, imesukwa nyaya za shaba kwa mkono, na ikiwaka inanguruma mpaka mabati ya paa yanaitikia. Kutoka kwenye mashine hiyo ulitoka waya mnene kuliko kidole gumba cha mwanamume.

Na mafundi wa pale walikuwa na mtindo wao. Waya hawakuulaza chini. Waliuvaa. Fundi aliupitisha begani, akauzungusha kifuani mara mbili kama mtu anayejifunga kamba ya kupandia mnazi, ndipo akaingia ndani ya fremu kuchomelea. Walisema uzito ukikaa mwilini mkono hauvutwi. Lakini ukweli ni kwamba ilikuwa fahari. Aliyeacha waya ukalala sakafuni walimwita "mburuza", na mburuza alitumwa maji na kununua vocha.

Bosi Nathaniel naye alikuwa na amri yake moja ya afya. Saa nne asubuhi kila fundi anywe kikombe cha maziwa, yasafishe kifua. Maziwa yalitoka kwa Kashindye, madumu mawili kila siku isipokuwa Jumapili. Ni amri hiyo iliyomjengea banda la ng'ombe wake. Wake za mafundi hawakuruhusiwa kuingia karakana. Kashindye aliruhusiwa kwa sababu ya madumu.

Siku moja alipofika na maziwa alimkuta mzee Yassin, fundi wa kusuka mota na mashine, ameitwa kurekebisha ile mashine kubwa, bosi naye amesimama kando. Mzee Yassin alikuwa ameshika jani la msumeno wa kukatia chuma, jembamba, linalopinda.

"Mama Machibya, hebu simama hapa kidogo uone," alisema. "Machibya, choma!"

Machibya akachoma. Mashine ikanguruma. Mzee Yassin akalisogeza lile jani karibu na waya uliozunguka kifua cha Machibya, bila kuugusa. Jani likaanza kutetemeka lenyewe na kulia vvvv kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Alipoliondoa mbali, likanyamaza.

"Umesikia? Umeme ukipita kwenye waya, nje yake kunakuwa na nguvu ya sumaku. Huioni, hainuki, haichomi. Ukikaa mbali inafifia upesi. Lakini mwanao kaikumbatia, kutwa nzima, siku sita kwa wiki."

"Inamfanya nini?" Kashindye akauliza.

"Kuna wataalamu waliowapima mafundi wa kazi za namna hii, wakakuta kinga yao ya mwili haiko sawa. Na wengine wakapima wasikute kitu. Bado wanabishana. Mimi si daktari. Ila najua waya hauna sababu ya kuvaliwa. Ulale chini, na mashine isogezwe kule ukutani. Ni kazi ya nusu saa tu."

"Mzee Yassin tangu aache kuchomelea anaogopa hata redio!" akapiga kelele Nkwabi, fundi mwenzake Machibya. Wote wakacheka.

"Akivaa saa anazimia," Machibya akaongezea. "Mburuza mkuu!"

Kashindye hakucheka. Aliuliza jambo moja tu. "Na maziwa je?"

"Maziwa ni chakula kizuri, mama. Hayazuii sumaku. Hata moshi hayazuii."

"Kwa hiyo nawauzia nini hawa? Maji ya chokaa?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema! Mbele ya bosi umesema. Riziki yangu imekukosea nini, wewe mzee?" Akafunika madumu yake kwa kishindo, akaondoka bila kuaga. Kile kilio cha jani la msumeno alikisikia njia nzima, akakifukuza kichwani kama mtu anayefukuza inzi.

Miezi ikapita. Machibya akaota jipu kwapani, likapona, likaja jingine. Mafua yakamshika, yakakaa wiki tano. Vidonda vikamtoka mdomoni mpaka uji ukamshinda. Kisha ukaja mkanda wa jeshi, malengelenge ya moto upande mmoja wa mbavu, hata shati hakuweza kuvaa.

Sasa ninyi mnajua watu wetu. Kijana akipata mkanda wa jeshi, hukumu inatoka kabla ya vipimo. Kashindye alikwenda bombani kuchota maji, akamkuta Evelina, jirani wa nyumba ya chini.

"Pole na mgonjwa, mama Machibya," Evelina alisema, huku ameminya midomo. "Ila mkanda wa jeshi kwa kijana… Mh! Ule tunaujua sisi. Hao wasichana wa Mabatini mnaowachukua hamuwaulizi walikotoka."

Kashindye alirudi nyumbani ndoo ikiwa nusu. Alimkuta Modesta anamkanda mumewe maji ya uvuguvugu.

"Umemletea nini mwanangu?" aliuliza hata kabla hajatua ndoo.

"Mama, shikamoo."

"Shikamoo yako kaa nayo. Nimekuuliza, umemletea nini?"

"Tulikwenda kupima jana, mama. Wote wawili. Hatuna virusi." Modesta akatoa karatasi kwenye sidiria, akaikunjua. "Isome mwenyewe."

"Majibu siku hizi yananunuliwa."

"Kwa hela gani, mama? Za sare?"

"Unanijibu? Katika nyumba niliyoijenga mimi, unanijibu?"

Machibya akainua kichwa kwenye mto. "Mama, basi. Mama, inatosha."

Haikutosha. Tangu siku hiyo Kashindye alimtengea Modesta kikombe chake, sahani yake na kigoda chake, na aliyekuja kununua maziwa aliviona.

Modesta hakukaa akalia. Alimpeleka mumewe hospitali kwa daktari, mwanamama mpole mwenye maswali mengi. Daktari huyo alipima damu, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Kazi yako ukiifanya inakuwaje? Nionyeshe."

Machibya akasimama, akaonyesha kwa mikono jinsi anavyouvaa waya.

"Chembe nyeupe za damu yako ni chache," daktari alisema. "Hizo ndizo zinazopigana na magonjwa. Chanzo sijakipata, na siwezi kuapa kwamba ni sumaku. Inaweza kuwa moshi, inaweza kuwa uchovu, inaweza kuwa yote kwa pamoja. Lakini sitasubiri mpaka nijue kila kitu ndipo nikutoe hapo." Akaandika barua.

Bosi Nathaniel alikuwa ameshatamka mbele ya mafundi wote. "Anayetaka kuhama mashine alete barua ya daktari. Sitaki barua ya mke." Kwa hiyo barua ile ndiyo ilikuwa mlango pekee wa Machibya kutoka kwenye waya. Na kwa kuwa yeye alikuwa bado kitandani, na Modesta haruhusiwi kuingia karakana, barua akakabidhiwa Kashindye aende nayo pamoja na madumu.

"Mpe bosi mkononi, mama. Tafadhali," Modesta alisema.

Kashindye aliifungua jikoni. Aliisoma mara tatu, kidole chini ya kila neno, kama alivyofundishwa darasa la nne. Ilisema: *Machibya ana upungufu wa chembe nyeupe za damu na kinga yake ya mwili imeshuka. Naomba ahamishiwe kazi iliyo mbali na mashine, asivae waya mwilini, na arudi kupimwa baada ya miezi miwili.*

Kinga yake imeshuka. Kashindye aliiona barua ile imebandikwa ukutani karakana. Alimwona Nkwabi anaisoma kwa sauti. Alimsikia Evelina bombani. Na tuseme kweli yote, aliyaona pia madumu yake yakirudishwa, maana mafundi watasema mwana wa mwenye maziwa ameoza, maziwa yake nani atayanywa?

Maziwa ya siku hiyo yalikuwa bado jikoni. Moto ulikuwa umefifia. Kashindye akaikunja barua, akaisukuma chini ya sufuria kati ya makaa mawili, akapuliza. Iliwaka mara moja. Maziwa yakachemka.

Machibya alipopata nafuu alirudi kazini. Jioni akaja amekasirika.

"Bosi anasema hajaona barua yoyote. Nimebaki nimesimama pale kama mjinga. Nkwabi ananiita mburuza."

Modesta akamgeukia Kashindye. "Mama, si nilikupa?"

Hapo, majirani, palikuwa na nafasi. Neno moja tu lingetosha. Kashindye alimtazama mkwewe machoni.

"Mimi sijapewa barua yoyote."

"Mama! Nilikupa mkononi, hapo mlangoni, umeshika dumu!"

"Unamsikia, Machibya? Kwanza ananiletea magonjwa, sasa ananiita mwongo."

"Basi kesho nakwenda kwa daktari kuomba nyingine," Modesta alisema.

Neno hilo lilimtisha Kashindye kuliko matusi. Akaingia chumbani, akaichomoa cherehani kwenye meza yake, akatoka nayo mikononi, akaitupa nje. Iligonga mwamba, gurudumu likapinda. "Nyingine hutaiomba ukiwa chini ya bati langu! Nenda kwenu!"

Modesta alimtazama mumewe. Machibya alikuwa na homa, alikuwa na aibu, na huyu ni mama yake. Aliinamisha kichwa. Modesta akaifunga cherehani kwa kitenge, akaibeba kichwani, akaenda kwa dada yake Usagara.

Baada ya hapo ikaja kazi ya vizimba vingi vya haraka. Machibya alivaa waya kuanzia saa moja asubuhi mpaka jua linazama, na begani chini ya waya ngata ya mama, sasa imeingia masizi lakini bado laini. Kwa sababu ya ulaini ule aliweza kuuvaa muda mrefu kuliko wenzake wote. Walimsifu. Kashindye aliposikia sifa, akawa anapita kwa Evelina makusudi. "Mgonjwa wenu huyo, mbona ndiye fundi wa kwanza?"

Wiki ya sita alianguka ndani ya fremu. Nimonia, mapafu yote mawili. Nkwabi na Bosi Nathaniel walimtoa, wakamkimbiza hospitali kwa gari la kubebea vyuma.

Siku nane alipumua kwa mashine. Modesta alikuja siku ya kwanza, hakuitwa na mtu. Alikaa upande wa miguu, Kashindye upande wa kichwa, na kati yao hata salamu haikupita. Siku ya tisa Machibya akafumbua macho, na yule daktari mwanamama akaja kitandani.

"Ile barua haikufika kazini?"

"Mke wangu aliipoteza, daktari," Machibya alisema kwa sauti ya kukwaruza.

Modesta akainama, akakunja upindo wa shuka.

"Basi naandika nyingine," daktari akasema. "Hii isipotee. Damu yako haiwezi kuvumilia tena. Nimkabidhi nani?"

"Mpe mama," Machibya akajibu. "Mama hapotezi kitu."

Daktari akanyoosha mkono wenye barua. Kashindye hakuipokea. Alitazama karatasi ile nyeupe, akasikia tena lile jani la msumeno, vvvv, ndani ya masikio yake.

"Usinipe mimi," alisema. "Ya kwanza niliichoma. Niliichemshia maziwa."

Machibya alimtazama mama yake kwa muda mrefu, kama anayemtafuta mtu anayefanana naye.

"Na maziwa yale," akauliza, "niliyanywa?"

"Uliyanywa, baba."

Machibya akageuza uso ukutani. Barua aliipokea Modesta.

Machibya hakufa. Lakini hakurudi juu ya miamba. Alipotolewa alikwenda moja kwa moja Usagara, na ukipita barazani kwa dada yake Modesta utamkuta anakata vitambaa, mwembamba, ana skafu shingoni kwa ajili ya kifua hata jua likiwaka, na mkewe anakanyaga ile cherehani yenye gurudumu lililopinda. Kashindye amekwenda mara tatu. Kila mara Machibya husema, "Shikamoo, mama," akarudi kwenye mkasi wake. Neno la pili halijatoka.

Kuna siku moja tu iliyobaki kusimuliwa. Kashindye alishuka karakana na madumu yake kama kawaida. Mashine ilikuwa palepale. Waya ulikuwa kifuani kwa Nkwabi.

"Mama," Nkwabi akasema, "ile ngata ya Machibya si iko nyumbani? Nipe mimi basi. Bega linaniuma."

Kashindye alitua madumu. Ngata alikuwa nayo, kwenye kapu. Alikuwa akitembea nayo kila siku. Akaitoa, akasimama katikati ya sakafu, akaiinua juu.

"Zimeni mashine."

"Mama, tuna kazi," akasema Bosi Nathaniel.

"Nimesema zimeni! Nina barua yenu. Imechelewa, lakini ninayo." Mashine ikazimwa. Na yule mama aliyeogopa kuliko kifo barua isije ikasomwa pale akaisoma, bila karatasi, neno kwa neno, maana ilikuwa imemkaa kichwani tangu jikoni. *Machibya ana upungufu wa chembe nyeupe za damu na kinga yake ya mwili imeshuka. Naomba ahamishiwe kazi iliyo mbali na mashine, asivae waya mwilini, na arudi kupimwa baada ya miezi miwili.* Kisha akasema, "Barua hii niliichoma mimi. Mkwe wangu hakupoteza kitu. Na ngata hii niliishona mimi, ili mwanangu asisikie uzito, akauvaa waya zaidi. Nani anaitaka?"

Fundi mmoja alicheka, akaona amecheka peke yake. Nkwabi akauzungusha waya kutoka kifuani, mara ya kwanza, mara ya pili, akaulaza sakafuni.

"Leo ndiyo unaileta hiyo barua?" Bosi Nathaniel akauliza. "Chukua madumu yako, mama. Kesho usije."

"Sitakuja," Kashindye akasema. "Na maziwa hayakuwakinga na chochote. Mzee Yassin aliwaambia."

Mashine ilisogezwa ukutani wiki iliyofuata. Ilichukua nusu saa.

FUNZO

Mgonjwa wa nyumbani mwako akiugua mara kwa mara, kabla hujauliza alilala na nani, muulize anafanya kazi gani, na anaifanyaje. Mwambie asimame akuonyeshe kwa mikono, kama yule daktari alivyofanya. Kashindye aliuona waya ule kila siku ya Mungu, na jicho lake likaona ushujaa.

Kuhusu sumaku za kazini, wataalamu hawajamaliza kubishana, na bibi wa darasa la saba kama mimi hawezi kuwamalizia. Lakini kukaa mbali na mashine hakumgharimu fundi kitu, na kulaza waya chini hakuhitaji ruhusa ya mtu. Usingoje ugomvi wa wakubwa uishe ndipo uutoe mwili wako katikati. Na wewe mwenye karakana, kikombe cha maziwa si kinga. Ni maziwa tu.

Na ninyi mama wakwe, wenzangu. Karatasi ya daktari si yako kuificha, hata kama ina neno linalokutia aibu. Aibu ya bombani inapita siku watu wakipata habari nyingine. Machibya bado anavaa skafu.